Mlango Alioufunga Babu

Juzi gari la matangazo lilipita mtaani kwetu hapa Iringa, mvua ikinyesha, na sauti yake ikanikuta jikoni nikimenya viazi. Mnalijua gari lenyewe. Kwanza muziki, halafu mkwaruzo wa kipaza sauti, halafu mtu anayesema haraka haraka utadhani anadaiwa yale maneno: "Ndugu wananchi, wakazi wote wa maeneo hatarishi mnatakiwa kuchukua tahadhari mapema..." Yaliyobaki yakamezwa na kelele za mvua juu ya bati. Mwanangu akaniuliza limesema nini. Nikamjibu limesema kuna mvua. Akasema, "Si tunaiona?" Nilicheka, lakini kisu nilikiweka chini. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imeingia dirishani, na harufu hiyo ikija pamoja na sauti ile, mimi huwa sipo Iringa tena. Huwa nipo mlimani juu ya Uyole, mtoto wa darasa la tatu, na mtoto wa mama mdogo yuko mgongoni mwangu.

Kwetu hasa ni Mgololo. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, na harufu ya kiwanda kile, ambayo wageni wakiisikia hufunika pua, kwangu mimi ilikuwa harufu ya nyumbani tu. Nilipofika Mbeya niliikosa kiasi kwamba nilikuwa nanusa madaftari yangu mapya, nikitumaini karatasi itakuwa imebeba kidogo. Haikuwa imebeba chochote. Nilijiona nimetapeliwa.

Niliendaje Mbeya? Mama mdogo wangu, anayemfuata mama kuzaliwa, alikuwa ameolewa huko na Mnyakyusa, dereva wa malori. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Atupele, aliomba apelekewe mtoto wa kumsaidia kubeba. Nikachaguliwa mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na wala sikutegemea kuulizwa. Nguo zangu zilitiwa kwenye mfuko wa rambo, nikapandishwa basi na kukabidhiwa kwa kondakta, ambaye njia nzima aliniita "mzigo wa Uyole".

Mtaa wetu ulikuwa umepanda mlima, nyumba moja juu ya kichwa cha nyingine, na chini kabisa ilipita barabara kuu yenye malori ya kwenda Tunduma. Majirani walikuwa Wasafwa, ambao ndio wenye mlima, na Wanyakyusa, na Wasangu waliohama kutoka bondeni. Shuleni tulisema Kiswahili darasani kwa sababu ya fimbo. Kengele ya mapumziko ikilia, Kiswahili kilibaki ndani na chaki, na kila kundi likaenda kucheza kwa lugha yake. Mimi nilibaki na Kihehe changu, na hakuna wa kukipokea. Mnisamehe kwa kusema jambo la kipuuzi, lakini kuna siku nilikwenda nyuma ya choo cha wasichana, nikajisalimia mwenyewe, "Kamwene," kisha nikajiitikia. Niliona haya, ila nilipata nafuu.

Mama mdogo naye alikuwa mpweke kuliko mimi, ingawa wakati ule sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuwa hivyo. Mumewe akiwepo nyumba ilikuwa na kelele nzuri, maana yule bwana alisema Kinyakyusa, Kisafwa, Kiswahili na hata Kihehe cha kuchekesha. Akiondoka na lori lake, wiki nzima au zaidi, nyumba ilinyamaza. Jioni, mimi na mama mdogo tulikaa karibu na moto na kuongea Kihehe kwa sauti ya chini, kama vile tunaiba.

Sasa nimwingize Babu. Babu alikuwa baba mkwe wa mama mdogo. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki, na aliishi peke yake katika nyumba ya udongo juu yetu, ng'ambo ya migomba. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa rika lake, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Simaanishi wana ugomvi. Hawatazamani, hawasemezani, hawakutani njiani. Mmoja akisikia mwenzake anakuja, anajificha mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kadiri mtu anavyojificha vizuri ndivyo anavyosifiwa. Najua siku hizi wengi wameiacha, na hata wakati ule vijana waliilegeza. Lakini mama mdogo aliishika kuliko wenyeji wenyewe, kwa kuogopa kusemwa kwamba mwanamke wa Kihehe hana adabu. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuiona sura ya Babu, wala Babu hakuwahi kuiona yake.

Kwa hiyo kila kilichotoka nyumba moja kwenda nyingine kilipitia mikononi mwangu. Mchana nilibeba chakula kwenye hotpoti, Atupele mgongoni, nikapanda kati ya migomba hadi barazani kwa Babu. Alikuwa akinisubiri juu ya kigoda chake, kigoda cheusi kilichokuwa kimelainika kwa kukaliwa. Alikuwa hana Kiswahili isipokuwa kile cha sokoni, cha bei ngapi na punguza. Mimi nilikuwa sina Kinyakyusa. Alianza kunifundisha kimoja kimoja: moto, ndizi, maji, kula, njaa. Alinielekeza kwa kidole, nikarudia, akacheka mpaka akakohoa. Jina langu lilimshinda au hakulitaka, akaniita "Mhehe". Kula hakula mpaka nimekaa chini. Akimaliza alinirudishia hotpoti na kusema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na mimi niliishusha hiyo asante hadi kwa mama mdogo pamoja na vyombo vichafu.

Na kuna jambo jingine nililoliona nikadhani ni mchezo wa wazee. Kila asubuhi Babu alisimama ukingoni mwa uwanja wake na kutazama moshi wa jiko letu. Ukipanda, aliitikia kwa kichwa na kwenda shambani. Ukichelewa, alisubiri. Mama mdogo naye, akiwa anafagia, alikuwa akisimamisha fagio mpaka asikie Babu anakohoa huko juu. Akishakohoa, fagio linaendelea. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakijuliana hali.

Mwaka ule mvua ilikuja ikasahau kuondoka. Milango ilivimba ikawa haifungi, kuni zilitoa moshi mtupu, na nepi za Atupele tulizikausha juu ya moto zikanuka nyama choma. Mchana mmoja gari la matangazo likapita barabarani chini. Gari lile lile wiki iliyotangulia lilikuwa limetangaza sabuni na mechi ya mpira, kwa sauti ile ile ya yule yule kijana. Upepo ulituletea vipande: wakazi, hatarishi, tahadhari. Mama mdogo alisema hilo ni la watu wa bondeni, wenye nyumba karibu na mto. Baadaye tulikuja kusikia kwamba watu wa bondeni walisema hilo ni la watu wa mlimani. Wazee wa Kisafwa waliokuwa wamejikinga mvua dukani walimwuliza mwenye duka, naye akawaambia serikali inasema tuwe waangalifu. Wakajibu kwamba wao ni waangalifu siku zote.

Haukupita muda mrefu, mwenyekiti wa mtaa akapanda kwa miguu, koti la mvua limemgandia mwilini, anahema. Alikuwa Msafwa, mtu wa maneno machache. Nyumba iliyotangulia alisema Kisafwa, kwetu akageuza Kiswahili. "Mama Atu, shukeni! Sasa hivi! Huko juu mlima umepasuka, ufa unaingia mtu. Wote shuleni!"

"Na mzee?" mama mdogo akauliza.

"Si baba yenu? Mwambieni!" Na akawa ameshapita, anapiga kelele kwa nyumba inayofuata.

Simlaumu. Alikuwa na nyumba nyingi na miguu miwili. Lakini hakujua, au katika haraka ile hakukumbuka, kwamba alikuwa amempa ujumbe mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kuufikisha.

Mama mdogo alimpigia mumewe simu, kwa sababu sauti ya mwanawe kwenye simu Babu angeielewa. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, yule dada wa mtandao akasema vile vile, kwa upole ule ule. Majirani walikuwa tayari wanashuka na magodoro kichwani, kuku kwapani, hakuna aliyesimama kusikiliza. Mama mdogo akanifunga Atupele mgongoni, akakaza kitenge mpaka nikakosa pumzi.

"Shuka na hao," aliniambia kwa Kihehe. "Kaa nao, usiachane nao."

"Nikamwite Babu?"

"Huku juu huendi. Nitamwambia nini mama yako? Babu namwita mimi."

Nilishuka hatua chache, nikasimama. Sikuwahi kumwona akielekea upande ule wa migomba, na nilitaka kuona itakuwaje. Alikwenda hadi pale migomba inapoanza, akajifunika khanga kichwa na uso, akaugeuzia mlima mgongo, na akaita.

"Baba! Baba, toka! Mlima unakuja!"

Mimi kutoka nilipokuwa nilimwona Babu vizuri kati ya majani. Alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Aliinua kichwa. Mama mdogo akaita tena, safari hii kwa Kinyakyusa cha kuokoteza, na sauti yake ikakatika katikati. Babu akasimama kwa haraka ambayo sikuijua kwa mtu wa umri wake. Akachukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine njia.

"Anakuja?" mama mdogo akaniuliza bila kugeuka. Alikuwa amejua muda wote kwamba sijaondoka.

"Amefunga mlango."

"Amefunga?"

Akaita kwa nguvu zaidi. Sasa aliita kwa Kihehe, lugha ambayo mzee yule asingeelewa hata neno moja, maana nadhani mtu akifika mwisho wa uwezo wake hurudi kwao. Na kila alivyozidi kuita, mlango ulizidi kuwa mlango. Huko juu zaidi kitu kikalia, si kwa nguvu, mlio wa mti mkubwa unaovunjika polepole. Harufu ya udongo ikashuka, nzito, harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi.

Nikapanda mbio. Nilimsikia mama mdogo akiliita jina langu, lakini alikuwa hawezi kunifuata uwanjani pale, na mimi kwa mara ya kwanza nilifurahia desturi ile. Niligonga mlango kwa kiganja kama nilivyogonga kila siku nikileta chakula. Ukafunguka kidogo. Babu alitazama kwanza juu ya kichwa changu, kuhakikisha hakuna mtu nyuma, ndipo akatabasamu.

Nilimwambia yote kwa Kiswahili. Mlima, ufa, mwenyekiti, shule. Akaitikia kwa kichwa, akaonyesha angani. "Ee, mvua. Mvua mingi." Nikajaribu Kinyakyusa. Nikatafuta ndani ya kichwa changu chote nikakuta moto, ndizi, maji, kula, njaa. Kwa maneno yale ningeweza kumkaribisha chakula. Nisingeweza kumtoa mzee nyumbani kwake.

Nikamvuta mkono, akacheka, akadhani nacheza. Kigoda kilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Nikakinyakua, nikakimbia.

Ndugu zangu, mzee yule alikimbia. Alinifuata akifoka Kinyakyusa ambacho sijawahi kufundishwa, Atupele mgongoni kwangu anacheka kwa kurushwarushwa, mimi nalia, kigoda nimekikumbatia kifuani. Nilipofika kwenye migomba nikapiga kelele, "Anakuja!" Na mama mdogo, badala ya kukimbia mbele yetu, akaruka pembeni ndani ya mahindi na kuinama, uso amefunika, ili baba mkwe wake apite. Alipita. Kisha yeye akainuka na kushuka kwa njia nyingine, sambamba nasi, ndani ya mahindi yaliyolowa. Hata katika kukimbia mauti walipeana nafasi.

Tulikuwa tumeshafika uwanja wa shule mlima uliposhuka. Bado kulikuwa na mwanga. Kishindo kilikuwa kirefu, kisha kimya, kisha watu wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja, kila mtu kwa lugha ya mama yake. Nyumba ya Babu haikuonekana tena, wala migomba. Yetu ilibaki upande mmoja wa bati, umetoka kwenye tope. Babu alitazama huko juu, kisha akanitazama mimi, kisha kigoda. Alikichukua mikononi mwangu polepole, akakaa juu yake palepale kwenye mvua.

Tulilala darasani kwangu, madawati yamesukumwa ukutani. Lakini mama mdogo hakuingia, kwa kuwa Babu alikuwa ndani. Alikaa barazani, mvua ikimrukia miguuni, mpaka akina mama walipofunga khanga kukata darasa vipande viwili, naye akaingia kwa kurudi nyuma na kukaa upande wa pili. Niliwasikia wanawake wakinong'ona. Sikuelewa yote, ila nilielewa vya kutosha: huyu ndiye aliyemwita baba mkwe wake kwa sauti, mbele ya watu. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu, na mama mdogo alikuwa akimnyonyesha Atupele ameinamisha kichwa, na nilimwona anavyoona haya. Nilikasirika. Nilitaka mtu amshukuru, na sikuwa na lugha ya kuwaambia.

Asubuhi Babu aliniita upande wake. Alikuwa amefikiri maneno yale kwa muda, naona, maana aliyatoa moja moja kwa Kiswahili, na macho yake yalikuwa kwenye khanga, si kwangu.

"Mhehe. Sema mama. Babu hakusikia kitu."

Nikazunguka khanga, nikampa mama mdogo ujumbe wake. "Babu anasema hakusikia kitu."

Mama mdogo alijifunika uso kwa upindo wa khanga, akalia mabega yakitikisika. Nilimhurumia sana. Niliona ametumia nguvu zake zote na Kihehe chake chote, kumbe mzee ni kiziwi. Nikamwambia kumfariji, "Lakini si alikuja?" Akaniambia ninyamaze.

Siku chache baadaye mtoto mkubwa wa Babu alikuja na pikapu kumchukua kumpeleka Kyela. Mama mdogo alisimama nyuma ya ukuta wa darasa mpaka gari liondoke. Babu alikaa mbele, kigoda miguuni. Kabla hawajaondoa gari aliinua macho kuelekea pale lilipokuwa jiko letu, kama kila asubuhi, na akaendelea kutazama. Hapakuwa na moshi, wala jiko. Nilimpungia mkono lakini hakuniona. Sikumwona tena.

Baba mdogo akapanga chumba Mbalizi, chumba kimoja, na mimi nikarudishwa Mgololo kwa basi, safari hii bila mtoto mgongoni. Nilishangaa jinsi mgongo ulivyokuwa baridi. Na kiwanda, nilichokuwa nimekililia, kilinuka vibaya kwa majuma kadhaa kabla sijakizoea upya.

Babu alifariki nikiwa sekondari, na habari nilipewa kwa simu, nikiwa bwenini. Yale ya mlango niliendelea kuyasimulia kama kichekesho: mzee kiziwi na kigoda chake. Niliyasimulia hata kwa mume wangu. Ndipo mwaka jana mama mdogo alipokuja kututembelea hapa Iringa, nikayasimulia mbele yake, wote tukiwa mezani, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri mpaka tukabaki wawili jikoni.

"Kiziwi nani?" aliniambia kwa Kihehe. "Wewe ulikuwa pale. Kama hakusikia, mlango aliufungia nini?"

Kikombe nilichokuwa nafuta nilikiweka chini.

"Alinisikia. Ndiyo maana alijificha. Alijua mkwe wake yuko uwanjani, akanipisha, kama baba mwenye adabu. Nilitaka kumwokoa, na sauti yangu ndiyo iliyomfungia ndani." Aliendelea kuosha sahani. "Halafu kesho yake, wanawake wote wananisema, akakutuma uniambie hakusikia. Kwa maana hiyo mimi sikuita. Sikuvunja kitu. Amenifutia."

Nikamwuliza kama aliwahi kumjibu.

"Kwa mdomo gani?" Aliweka sahani. "Nilikwenda Kyela kumzika. Nikasema leo nitamwambia, leo amelala, hawezi kunikimbia. Wenzangu wakaingia kumuaga. Mimi nilikaa nje, nyuma ya ukuta, nikangoja akohoe."